Linux, FreeBSD, Windows au macOS: mfumo upi unaijua saa iliyo ndani ya kadi ya mtandao?

Mwenye haraka nimpe jibu kabla hajaondoka. Ukitaka saa za mashine zako zipishane kwa chini ya mikrosekunde moja, yaani sehemu ya milioni ya sekunde, tafuta kadi ya mtandao inayofaa, weka Linux, basi. Ukiridhika na milisekunde moja, sehemu ya elfu ya sekunde, mifumo yote minne itakufikisha, na uchaguzi uamuliwe na mambo mengine: programu unazotumia, watu watakaoitunza mitambo, mazoea. Mvutano uko katikati, baina ya milisekunde na mikrosekunde, na hapo ndipo watu hununua vifaa wasivyovihitaji au huacha walivyovihitaji. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo nikiri mapema: mimi nashinda kwenye Linux. Nitajitahidi nisiivute ngozi yote upande wangu.

Muhuri unapigwa wapi?

NTP na PTP, kanuni mbili (itifaki) ambazo mashine hutumia kuoanisha saa kupitia mtandao, zote hufanya kazi kwa kubadilishana pakiti na kuandika kila pakiti ilitoka lini na kuingia lini. Hesabu inayofuata ni ya kujumlisha, kutoa na kugawa kwa mbili. Ugumu uko kwenye huo muhuri wa saa: nani anaupiga, na amesimama wapi?

Ukipigwa na programu ya kawaida, pakiti imeshakaa kwenye foleni ya kadi, imesubiri prosesa ishtuliwe, imepita ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), kisha ikasubiri tena programu ipewe zamu. Kuchelewa peke yake kungevumilika. Kinachoudhi ni kwamba hakufanani mara mbili: sasa hivi mikrosekunde 20, baadaye kidogo 300 kwa sababu diski ilikuwa na kazi. Kerneli ikiupiga yenyewe ndani ya draiva, programu inayoiendesha kadi, mtawanyiko hupungua sana. Kadi ikiupiga, pale biti zinapogusa waya, tunaanza kuzungumza nanosekunde. Nanosekunde moja ni muda ambao mwanga husafiri sentimita 30 hivi, kwa hiyo kwenye kiwango hicho hata urefu wa kebo unaingia kwenye hesabu.

Kadi ya namna hiyo ina saa yake ndani. Mashine sasa ina saa mbili: ya kwenye kadi, ambayo ndiyo inayopata habari sahihi kutoka mtandaoni, na ya mfumo, ambayo ndiyo programu zote huisoma. Kila moja inaendeshwa na fuwele yake, na kila fuwele ina ukaidi wake. Fuwele ikikosea sehemu moja tu kwa milioni, saa hupotea milisekunde 86.4 kwa siku. Fuwele za kawaida za kwenye ubao mama hukosea makumi ya sehemu kwa milioni, tena kosa hubadilika joto linapopanda na kushuka.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila mfumo ni hili: je, unanipa njia ya kuifikia saa ya kadi, kuiongoza, na kuuvusha muda wake hadi kwenye saa ya mfumo bila kuumwaga njiani? Usitosheke kusikia "tunatumia PTP". PTP ni jina la itifaki tu, kiwango cha IEEE 1588 kilichotoka 2002, kikaandikwa upya 2008 na kurekebishwa tena 2019. PTP isiyo na muhuri wa maunzi, yaani unaopigwa na kadi yenyewe, ni NTP iliyovaa suti.

Linux

Linux ilipata mihuri ya maunzi kwenye soketi (mlango ambao programu huutumia kuzungumza na mtandao), kwa jina SO_TIMESTAMPING, katika kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009. Miaka miwili baadaye kerneli 3.0 ikaleta kazi ya Richard Cochran: saa ya kadi ikawa kifaa kama vifaa vingine, /dev/ptp0. Unaifungua kama faili, unaisoma kwa clock_gettime ileile inayosoma saa ya mfumo. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linaloamua ulinganisho huu wote. Kadi za Intel, za Mellanox, chipu za ARM, zote zinajitokeza kwa sura moja, na programu inayoongoza saa haina haja ya kujua kadi ni ya nani. Hata ile kadi ya saa iliyotangazwa na Facebook mwaka 2021, yenye saa ndogo ya atomu ndani yake, kwa Linux ni /dev/ptp nyingine tu.

Kujua kama kadi yako imo:

    ethtool -T eth0

Ukiona hardware-transmit na hardware-receive, na saa ya PTP imepewa namba, unayo. Ukiona "none", hakuna dua itakayosaidia, badilisha kadi. Intel i210 ndiyo wengi huanzia, na ina pini za kupokea au kutoa mpigo wa kila sekunde. Raspberry Pi Compute Module 4 nayo inaweza, jambo lililowafungulia mlango wanaojifunza.

Baada ya hapo kazi hugawanywa kati ya programu mbili za linuxptp. Ya kwanza, ptp4l, huzungumza na mtandao na kuiongoza saa ya kadi. Ya pili, phc2sys, huvusha muda kutoka kadi hadi saa ya mfumo. Mambo yakitulia huandika mistari ya namna hii:

    ptp4l[5124.301]: rms 9 max 17 freq -3418 +/- 11 delay 734 +/- 1
    phc2sys[5124.877]: CLOCK_REALTIME phc offset 21 s2 freq -15230 delay 1386

Mstari wa kwanza unasema saa ya kadi inatikisika kwa nanosekunde 9 kuzunguka saa kuu, na waya pamoja na vilivyomo njiani vinakula nanosekunde 734. Wa pili unasema saa ya mfumo iko nanosekunde 21 kutoka saa ya kadi. Alama s2 ni ya kutafuta kila mara: s0 maana yake programu bado inatazama, s1 imeirusha saa, s2 imeishika. Iangalie pia ile delay 1386. Huo ndio muda wa kwenda kuisoma saa ya kadi kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na prosesa, na kurudi, karibu mikrosekunde moja na nusu, na hakuna anayejua kwa hakika saa ilisomwa sehemu gani ya safari hiyo. Kwa hiyo phc2sys husoma mara kadhaa na kuchukua usomaji uliokuwa mwepesi kuliko wote. Kadi na prosesa zenye PTM, uwezo wa kulinganisha saa juu ya PCIe, huondoa ubahatishaji huo kwa kuzipiga saa zote mbili muhuri kwa pamoja, na kerneli imekuwa na mwito wa kuuliza hivyo tangu 4.6.

Sasa ubaya wake. Linux inakupa vipande, haikupi gari lililounganishwa. Niliwahi kukabidhiwa seva ambayo saa yake iliruka mbele na kurudi nyuma kila baada ya dakika chache, na fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha kadi mara mbili. Kumbe phc2sys na kilinganishi cha NTP kilichokuja na mfumo vilikuwa vinaiongoza saa moja, kila kimoja kikirekebisha "kosa" la mwenzake. Na ukubwa wa kuruka kwenyewe ulikuwa sekunde 37 kamili, namba ambayo ukishaiona mara moja huisahau. PTP huhesabu kwa TAI, muda wa saa za atomu usio na sekunde za nyongeza, na TAI imekuwa mbele ya UTC, muda rasmi wa dunia ambao huongezewa sekunde hizo, kwa sekunde 37 tangu Januari 1, 2017. Mtu alikuwa ameiambia phc2sys kwa mkono kwamba tofauti ni sifuri. Dawa ilikuwa kuzima kimoja cha vilinganishi na kuweka -w ili phc2sys ichukue tofauti hiyo kutoka kwa ptp4l. Kadi mbili zilitupwa bure.

Kuna njia ya kati ambayo watu huipita bila kuiona. Programu ya chrony, ambayo ni ya NTP, inaweza kutumia mihuri ya kadi tangu toleo 3.0. Unaandika mstari mmoja, hwtimestamp *, kwenye faili la usanidi, na kama seva unayoifuata nayo inapiga mihuri ya maunzi na mtandao ni wa ndani, unashuka chini sana ya mikrosekunde mia bila kugusa PTP. Kwa ofisi nyingi hapo ndipo pa kusimama. Chrony yenyewe hukimbia pia kwenye FreeBSD na macOS, lakini mstari huo hufanya kazi kwenye Linux tu.

FreeBSD

Hapa nabadilisha sauti, maana FreeBSD ina heshima yake katika mambo ya saa. Mfumo wake wa timecounter, kazi ya Poul-Henning Kamp, ni miongoni mwa kodi safi kabisa nilizowahi kuzisoma kuhusu namna mashine inavyohesabu muda. Uliza tu:

    sysctl kern.timecounter.choice

nayo itakujibu kwa orodha iliyopimwa ya vihesabio vya muda vya mashine, kitu kama TSC-low(1000) HPET(950) ACPI-fast(900) i8254(0). Kila chanzo kina alama yake ya ubora, na kukibadilisha ni amri moja. Linux ina kitu cha kulingana nacho chini ya /sys/devices/system/clocksource, na ni vizuri kukiangalia: ikiamua kwamba TSC haiaminiki itaangukia HPET bila kukuuliza, na kila usomaji wa saa utakuwa mzito mara nyingi zaidi.

Palipo na raha ya FreeBSD ni kwenye mpigo wa kila sekunde. Chukua kipokezi cha GPS chenye waya wa PPS, yaani wa mpigo huo, uunganishe kwenye pini ya DCD ya mlango wa siriali, na kerneli itanasa ukingo wa mpigo kwa utaratibu ulioandikwa kwenye RFC 2783 ya mwaka 2000. Ukitaka kerneli yenyewe iufuate mpigo, unaijenga upya ukiwa na chaguo la PPS_SYNC. Linux ina kitu hicho pia, ila hakipatani na kerneli zisizo na mdundo wa kudumu, yaani karibu zote zinazosambazwa leo, kwa hiyo kazi huachiwa ntpd, programu nyingine ya NTP, au chrony. Anayejenga seva ya NTP ya kuhudumia mtandao mzima, FreeBSD na ntpd yake iliyomo tayari ni chaguo la mtu mwenye busara. Utaiwasha na kuisahau.

Ukija kwenye PTP, FreeBSD haikujenga mlango mmoja wa jumla kama /dev/ptp. Zipo draiva, kama mlx5 ya kadi za Mellanox, zinazoweza kupeleka muhuri wa kadi kwenye pakiti zinazoingia. Lakini kuisoma saa ya kadi, kuiongoza na kuivusha kwa njia moja inayofanana kwa kadi zote, hapana. Ipo ptpd kwenye ports (ghala la programu za FreeBSD), inayofanya kazi kwa mihuri ya programu. Utapata mikrosekunde kadhaa kwenye mtandao mtulivu, na mtandao ukichafuka zinachafuka nazo.

OpenBSD siiweki kwenye mashindano haya. OpenNTPD yake inajali usalama kuliko nanosekunde, hata huhakiki majibu ya NTP kwa kuuliza seva za HTTPS saa ngapi. Ni wazo zuri, kwa tatizo jingine.

Windows

Watu huicheka saa ya Windows kwa kumbukumbu za zamani. Huduma ya W32Time ilikuja na Windows 2000 kwa kazi moja: kuhakikisha Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, haigomi, na Kerberos kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika tano. Aliyeitaka itoe milisekunde alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Hata programu zilipouliza saa zilipewa jibu lililosogea kwa hatua za milisekunde 15.6 hivi, mpaka Windows 8 ilipoleta GetSystemTimePreciseAsFileTime.

Hali imebadilika. Tangu Server 2016 Microsoft inakubali kuwajibika kwa usahihi wa milisekunde moja, kwa masharti yaliyoandikwa wazi: ucheleweshaji wa mtandao hadi kwenye chanzo usizidi milisekunde 0.1, chanzo kisiwe mbali kupita ngazi ya 5 (kila seva ya kati ni ngazi moja), na wastani wa mzigo wa prosesa kwa siku usizidi asilimia 80. Server 2019 ikaongeza mteja wa PTP na uwezo wa kuhesabu sekunde ya nyongeza kama inavyotakiwa. Windows 11 na Server 2022 zikaleta API, yaani mlango wa programu, ya mihuri ya maunzi, pamoja na mwito wa kuzisoma saa ya kadi na ya mfumo kwa pamoja.

Mbona basi siiweki sawa na Linux? Kwanza, mteja huyo wa PTP ni mteja tu. Windows haitakuwa saa kuu ya wengine. Pili, API si mfumo kamili. Lazima kadi, draiva na programu ya PTP zote zikubaliane kuitumia, na mara nyingi mwisho wake ni kununua programu ya kampuni nyingine. Tatu, Windows huhesabu muda kwa vipande vya nanosekunde 100, kwa hiyo saa ingekuwa kamilifu kiasi gani, programu inayouliza haiwezi kuambiwa kipande kidogo kuliko hicho. Kwa kazi nyingi usahihi wa nanosekunde 100 unatosha na kubaki, sikatai. Lakini ukizikabili na ule mstari wa "rms 9", unaona daraja.

Ukitaka kupima ulipo, usiamini w32tm /query /status peke yake. Endesha w32tm /stripchart dhidi ya seva unayoiamini kwa nusu saa, na utazame mtawanyiko badala ya wastani.

macOS

Kwa ufupi. Tangu High Sierra saa huongozwa na timed, ambayo inatosha kwa mtu na vyeti vyake vya TLS, vinavyolinda mawasiliano ya mtandaoni. Mac pia zinaelewa AVB, utaratibu wa kusafirisha sauti na video mtandaoni, na AVB husimama juu ya gPTP, mtoto wa PTP, kwa hiyo kwa sauti na studio zina usahihi mzuri sana kati ya vifaa. Ila usahihi huo ni wa sauti. Haushuki hadi saa ya mfumo ambayo programu zako zinaisoma, na hakuna /dev/ptp ya kufungua. Mhandisi wa sauti, umefika. Wengine, pita.

Ukiwa ndani ya mashine pepe

Hapa ushauri unageuka. Mgeni ndani ya mashine pepe (kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya nyingine, mwenyeji) kwa kawaida haoni saa ya kadi, na kuendesha ptp4l ndani yake ni kujitesa, kwa sababu pakiti hupita kwenye swichi pepe yenye hali zake. Afadhali mwenyeji aoanishe saa yake vizuri, kisha mgeni amuulize mwenyeji. Linux inayoendeshwa juu ya KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, ina draiva ya ptp_kvm tangu kerneli 4.11, na humpa mgeni /dev/ptp0 ambayo kwa kweli ni saa ya mwenyeji. Unaiambia chrony:

    refclock PHC /dev/ptp0 poll 2

na kazi imekwisha. Kwenye Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft, tumia /dev/ptp_hyperv, si namba, kwa kuwa mashine ikiwa na saa mbili namba zinaweza kubadilishana ukiiwasha upya, nawe ukajikuta unafuata saa nyingine kabisa. Amazon nayo tangu 2023 inaonyesha saa ya maunzi kwa baadhi ya mashine zake kupitia draiva ya ENA, kwa sura ileile ya /dev/ptp. Windows ikiwa mgeni wa Hyper-V hupewa muda na mwenyeji kwa njia yake yenyewe. FreeBSD mgeni, tumia NTP na usidai makuu.

Nani achukue nini

Anayeunganisha kumbukumbu za seva ili ajue kosa lilianzia wapi anahitaji milisekunde. Abaki na mfumo alionao, aweke NTP vizuri, ahakikishe ana seva nne za kufuata na si mbili, maana mbili zikigombana huna wa kuamua.

Shirika linalotumia Windows peke yake, lenye programu inayodai milisekunde moja lipandishe seva zake hadi 2019 au zaidi, na liweke chanzo kimoja cha uhakika ndani ya jengo. Chanzo hicho kinaweza kuwa FreeBSD yenye GPS, na mimi ningefanya hivyo.

Kanuni za Umoja wa Ulaya tangu 2018 zinawataka wafanyabiashara wa hisa wa kasi ya juu wasiachane na UTC kwa zaidi ya mikrosekunde 100. Kwa kiwango hicho chrony yenye hwtimestamp inatosha kama mtandao ni wako, lakini mkaguzi akija atataka uthibitisho, na uthibitisho wa PTP yenye saa ya kadi ni rahisi kuuandika. Linux. Minara ya simu inayogawana masafa kwa zamu huruhusiwa kukosea mikrosekunde 1.5 kutoka chanzo hadi kwenye antena. Huko hakuna mjadala, ni Linux au mfumo maalumu wa mwenye kifaa. Wanaojenga vifaa vidogo vya viwandani waitazame Zephyr pia, mfumo wa vifaa vya namna hiyo, ina gPTP tayari.

Kabla hujalipia chochote, washa mashine kwa Linux ya kwenye kidole cha USB na uiulize ethtool -T, hata kama unakusudia kuweka mfumo mwingine. Ni njia rahisi ya kujua kadi ina saa au haina. Kisha nenda kwenye swichi, kifaa kinachounganisha mashine za mtandao. Swichi isiyojua PTP huweka pakiti zako za saa kwenye foleni moja na mtu anayenakili video, na ile rms 9 inakuwa rms 9000 kila ifikapo wakati wa kazi, irudi kuwa nzuri usiku ambapo hakuna anayeitazama. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua swichi kwanza.